Gari Kuukuu na Daftari Lake

Mazungumzo ya leo yanahusu gari la Kimarekani lililotoka kiwandani mwaka 1970, Chevrolet Chevelle SS 454, na hasa lile lililofungwa injini iitwayo LS6. Ni gari la milango miwili, lenye boneti ndefu na mistari miwili mipana iliyopigwa rangi juu yake. Injini ina ujazo wa inchi 454, ambazo kwa hesabu tuliyoizoea huku kwetu ni kama cc 7,400, na kampuni iliitangaza kuwa na nguvu za farasi 450. Wamarekani huyaita magari ya namna hii magari ya misuli: bodi ya gari la kawaida la familia, injini kubwa kuliko mahitaji ya familia yoyote, na bei ambayo kijana mwenye ajira aliweza kuifikia. Leo gari hilo likikarabatiwa vizuri na likawa na karatasi zake, huuzwa kwa bei inayomwacha mbali pacha wake asiye na karatasi, hata kama wote wawili wanang'aa sawa na kunguruma sawa. Wako wanaosema huo ni wazimu wa matajiri. Mimi nasema sivyo. Gari lililofufuliwa lina thamani ya kihistoria kwa kiasi kile tu ambacho mtu mwingine anaweza kulikagua na kuthibitisha linachodai. Kwa hiyo fundi anayelifufua ana wajibu wa kutunza ushahidi wote, hata ule unaolishusha bei.

Tuanze na namba ya chesisi, kwa kuwa kila mnunuzi wa gari huanzia hapo. Mtu wa Dar es Salaam akinunua gari lililotumika, hulinganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Zikilingana, roho yake inatulia. Kwa Chevelle ya 1970 hilo halitoshi. Namba yake iko kwenye kibati kidogo juu ya dashibodi, kinachosomeka kupitia kioo cha mbele, na huanza na tarakimu 136370. Moja ni Chevrolet, 36 ni Malibu ya silinda nane, 37 ni bodi ya milango miwili, na sifuri ni mwaka 1970. Hufuata herufi ya kiwanda, kama B kwa Baltimore au K kwa Kansas City, halafu namba ya mfuatano. Basi. Kati ya 1966 na 1968 magari ya SS yalikuwa na mwanzo wake wa pekee, 138, lakini kuanzia 1969 SS ikawa nyongeza ambayo mteja aliiagiza juu ya gari la kawaida. Matokeo yake ni kwamba Malibu ya karani, yenye injini ya farasi 200, na LS6 yenye farasi 450, zina namba za mtindo mmoja. Hata kibati kingine kilichopo kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria hutaja rangi, viti, kiwanda na wiki ya kuunganishwa, lakini hakisemi ni injini gani iliyofungwa.

Hapo inabidi twende kwenye injini yenyewe. Mbele ya bloku, upande wa kulia, chini ya silinda hedi, kuna eneo dogo la chuma lililosawazishwa kwa mashine. Katika kiwanda cha Tonawanda, jimbo la New York, mahali hapo paligongwa maandishi kama T0224CRV. T ni Tonawanda. Tarakimu 0224 ni tarehe 24 Februari. CRV ni LS6 inayofungwa giaboksi ya mkono. Kwa gari la otomatiki ingekuwa CRR. Karibu na hapo iligongwa pia sehemu ya namba ya chesisi, ili injini na gari vitambuane. Ukiinama ubavuni mwa bloku utaona tarehe nyingine, ambayo haikugongwa, ilitoka na kalibu siku chuma kiliposubiwa: B 18 0, yaani Februari 18, 1970. Sasa mkaguzi anapiga hesabu. Lazima chuma kisubiwe kwanza, kisha injini iunganishwe, isafirishwe, na mwisho gari likamilishwe. Injini ya mwisho wa Februari haiwezi kuwa imezaliwa pamoja na gari lililounganishwa wiki ya pili ya Februari. Na kabla hata ya kusoma tarakimu, mkaguzi huutazama uso wa chuma. Mashine ya kiwandani iliacha mikwaruzo myembamba, iliyonyooka sambamba. Ikiwa mikwaruzo hiyo imefutika, au imezungukazunguka kama ya msasa wa mkono, basi tarakimu zilizo juu yake zinatiliwa shaka, hata ziwe nzuri namna gani.

Baada ya chuma huja karatasi. Wafanyakazi wa kiwandani walipewa karatasi iliyoorodhesha kila kitu cha kufungwa kwenye gari husika, na mara nyingi, kazi ikiisha, karatasi hiyo iliachwa juu ya tangi la mafuta au katikati ya springi za viti. Huko imekutwa miaka mingi baadaye, imetafunwa na panya, imeingia kutu, lakini bado inasomeka. Mnunuzi wa kwanza naye alipewa kijitabu cha waranti chenye kibati kidogo cha alumini, kilichoandikwa kwa herufi za kuinuka namba ya gari, aina ya injini, giaboksi na difu. Tena, sheria ya Marekani ya mwaka 1958 ilitaka kila gari jipya libandikwe kiooni karatasi ya bei na nyongeza zake. Vitu hivi vilikuwa vya kutupwa. Hakuna aliyefikiri kwamba karatasi chafu juu ya tangi la mafuta ingekuwa siku moja shahidi mkuu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, maana Chevrolet haikuacha nchini Marekani kumbukumbu za kila gari la miaka hiyo ambazo mwenye gari angeweza kwenda kuziulizia. Ni magari yaliyouzwa Kanada tu ndiyo yaliyobahatika, kwa sababu tawi la General Motors la huko lilitunza daftari zake.

Linganisha na kampuni nyingine uone tofauti. Plymouth Barracuda ya mwaka 1970 au 1971 iliyofungwa injini ya Hemi ina herufi R ndani ya namba yake ya chesisi, kwa hiyo anayetaka kuighushi lazima aichezee namba yenyewe, na hilo ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho la Marekani. Ford nayo iliweka herufi ya injini kwenye namba, na zaidi ya hapo kumbukumbu zake za uzalishaji wa kuanzia 1967 zimo mikononi mwa mtaalamu Kevin Marti, ambaye huzitolea ripoti kwa idhini ya kampuni. Kwa Pontiac ipo huduma binafsi ya historia inayohifadhi ankara za kiwanda. Ankara hizo zina uzito wa pekee kwa GTO ya mwaka 1964, gari ambalo wengi hulihesabu kuwa ndilo lililofungua zama hizi. General Motors ilikuwa imeweka kikomo cha ukubwa wa injini kwa magari yake ya kati, na kundi la John DeLorean likakikwepa kwa kuiuza injini ya inchi 389 kama nyongeza juu ya gari la LeMans. Kwa hiyo kwenye namba ya chesisi GTO ya kwanza ni LeMans tu. Ujanja uliotumika kupenyeza gari mbele ya wakubwa ndio huohuo ulioliacha bila utambulisho, na bila ankara leo ingekuwa vigumu kuitenga GTO ya kweli na LeMans iliyovalishwa nembo.

Chevelle, basi, ndilo gari ambalo uongo wake ni rahisi kuliko wote. Takwimu inayotajwa kwa kawaida ni kwamba mwaka 1970 zilitoka injini 4,475 za LS6 kwa ajili ya Chevelle na ndugu yake wa kubebea mizigo, El Camino. Mwaka uliofuata injini hiyo haikupatikana tena kwenye Chevelle. Hapohapo, Malibu za kawaida zilitengenezwa kwa wingi mkubwa, na boneti, nembo, viti, mita na hata bloku ya ukubwa uleule vinauzwa hadi leo madukani. Fundi hodari anaweza kuigeuza Malibu kuwa LS6 bila kuigusa namba ya chesisi hata chembe, kwa kuwa namba haimpingi. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii methali hiyo inahitaji tahadhari, kwa sababu uzuri unanunuliwa kwa fundi wa rangi na hauthibitishi chochote. Methali inayotufaa zaidi ni ile ya wafanyabiashara: mali bila daftari hupotea bila habari. Gari linaweza kuwa limesimama mbele yako, na bado limekwisha kupotea kama historia, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema lilikuwa nini.

Sasa tufike kwenye ukarabati, kwa sababu hapa ndipo daftari huchomwa bila mtu kujua. Gari la miaka hamsini likiingia gereji hufunguliwa lote, bodi huondolewa kwenye fremu, vyuma hupigwa mchanga kwa upepo hadi vibaki vyeupe, halafu hupakwa rangi mpya. Kazi hiyo huondoa kutu. Huondoa pia alama za chaki ambazo wafanyakazi waliandika kwenye ukuta wa injini, na madoa ya rangi ya njano au kijani ambayo wakaguzi waliyapaka kwenye nati na springi kuonyesha kwamba zimekazwa au zimehakikiwa. Huondoa rangi ya kwanza, ambayo haikuwa kamilifu: ilipulizwa haraka, ikachuruzika mahali pa siri, ikarukia vyuma ambavyo havikukusudiwa. Mafundi wengi hujivunia kurudisha gari likiwa safi kuliko lilivyotoka kiwandani, milango imekaa barabara kuliko ilivyopata kukaa. Ni ufundi mkubwa, na nauheshimu. Lakini gari la namna hiyo linasimulia habari za gereji iliyolitengeneza, na halisimulii tena habari za kiwanda cha Baltimore mwaka 1970. Fundi mwenye kujali hupiga picha kila alama kabla ya kuifuta, hupima unene wa rangi, huhifadhi kipande kimoja bila kukigusa, na vipuri vya zamani huviweka ndani ya sanduku vikiwa na vikaratasi vinavyosema vilitoka wapi.

Hapa msikilizaji mmoja atanipinga. Atasema kwamba ikiwa ukarabati unafuta ushahidi, basi gari lisikarabatiwe kabisa. Wakusanyaji wenyewe husema gari huwa asilia mara moja tu. Na mfano anao. Mwezi Januari mwaka 2020, mjini Kissimmee, Florida, iliuzwa mnadani Ford Mustang ya mwaka 1968 ambayo Steve McQueen aliiendesha katika filamu ya Bullitt. Ilikuwa na mibonyeo, kutu na rangi iliyofifia, na ikafikisha dola milioni 3.74 pamoja na ada ya mnada. Chini ya milango yake bado kulikuwa na alama za mahali palipochomelewa vishikizo vya kamera. Fundi wa kawaida angezisaga alama hizo akidhani ni uchafu, naye angekuwa anasaga uthibitisho. Ni hoja nzito. Lakini tazama mwenzake. Filamu ile ilitumia Mustang mbili zenye namba za chesisi zinazofuatana, na ya pili ilipatikana nchini Mexico mwaka 2017, imechakaa vibaya, ikiwa mbioni kugeuzwa kuwa nakala ya gari la filamu nyingine. Ilitambuliwa kwa namba yake ya chesisi na kumbukumbu za Ford. Gari kama hilo usipolikarabati, kutu italimaliza. Kwa hiyo kanuni yangu haikatazi ukarabati. Inasema: lililosalimika liachwe, linalokufa liokolewe, na kila kinachofanywa kiandikwe.

Mwingine atachimba zaidi. Atauliza kama ukibadilisha bodi, ukabadilisha injini, ukabadilisha fremu, je, lile ni gari lilelile? Swali hili liliwahi kufika mahakamani Uingereza, mwaka 1990, katika kesi kuhusu Bentley iliyojulikana kwa jina la Old Number One, mshindi wa mashindano ya Le Mans ya 1929 na 1930. Mnunuzi alikuwa amekubali kulinunua kwa pauni milioni kumi, kisha akakataa kulipa akidai si lile gari lililoshinda, kwa kuwa karibu kila kitu kilikuwa kimebadilishwa. Jaji alikubali kwamba vipande vingi vya wakati ule havipo tena. Hata hivyo aliamua kuwa gari lilikuwa halali kuitwa Old Number One, kwa sababu lilikuwa na historia isiyokatika: halikupata kutoweka wala kuvunjwa kabisa, na hakukuwa na gari jingine lililoweza kudai jina hilo. Naomba tuone nguvu ya uamuzi huo iko wapi. Kilichomsaidia muuzaji hakikuwa wingi wa chuma cha zamani. Kilikuwa kumbukumbu ya mabadiliko, hatua kwa hatua, iliyowezesha mahakama kufuata maisha ya gari tangu mwanzo hadi siku ya kesi. Kama mabadiliko yaleyale yangefanywa kimya kimya, bila maandishi, gari lilelile lingeshindwa.

Pingamizi la tatu ni la watu wazoefu: karatasi nazo hughushiwa. Kweli kabisa. Vibati vya waranti vimetengenezwa upya, karatasi za kiwandani huchapwa na kuzeeshwa, na bloku husagwa zikagongwa namba nyingine. Lakini hoja hii ikifuatwa hadi mwisho inaniunga mkono. Haisemi ushahidi hauna maana, inasema ushahidi mmoja hautoshi. Anayeghushi karatasi ya tangi lazima aioanishe na tarehe ya kalibu, na namba ya bloku, na wiki iliyo kwenye kibati cha bodi, na tarehe za vioo na altaneta, na risiti za duka lililoliuza, na maelezo ya wamiliki waliotangulia. Kila shahidi anayeongezeka anazidisha kazi ya mwongo, na njia ya mwongo ni fupi. Tena tukumbuke kwamba kukosekana kwa namba peke yake hakumtii mtu hatiani. Karakana nyingi zilipotengeneza injini zilisawazisha sehemu ya juu ya bloku, na namba zikaenda na mashine bila nia mbaya. Vijana waliokuwa wakishindana mitaani walizipasua injini, na nyingine zikabadilishwa chini ya waranti kwa bloku zilizogongwa herufi CE, alama ya injini ya kubadilishiwa. Bloku hiyo hailingani na gari, na bado ni sehemu halali ya maisha yake ikielezwa hivyo. Linalokosewa ni kusaga herufi hizo na kugonga uongo mahali pake.

Wako pia wanaotetea nakala. Wanasema: nimeijenga Malibu yangu kuwa LS6, inakimbia sawa, inanipa raha sawa, nani ameumia? Kama imejengwa na kutangazwa kuwa ni nakala, hakuna aliyeumia, na mimi nampongeza mjenzi. Nakala iliyokiri kuwa nakala ina faida: inaendeshwa bila hofu, na inaliokoa gari asilia lisichoshwe. Shida huanza pale ukweli huo unapoachwa ukae kichwani mwa mtu mmoja. Mjenzi anamwambia mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi wa kwanza anamwambia wa pili nusu yake. Wa tatu anarithi gari lenye nembo za SS, na hakuna wa kumwambia kitu. Yeye hatasema uongo kwa makusudi, atasema anachokiona. Hivyo uongo unaweza kuzaliwa bila mwongo, kwa kunyamaza tu. Dawa yake ni nyepesi: mjenzi aandike alichofanya, maandishi yakae na gari, na yahamishwe pamoja na hati ya umiliki.

Turudi kwenye ile shutuma kwamba haya ni mambo ya matajiri. Bei za kileleni ni kubwa kweli; mwaka 2014, mjini Seattle, Plymouth Hemi ya mwaka 1971 isiyo na paa iliuzwa dola milioni 3.5. Lakini tajiri anayenunua gari la bei hiyo humwajiri mkaguzi, humwita mwanasheria, na akidanganywa anaweza kushtaki. Anayeumia ni fundi au dereva aliyeweka akiba miaka mingi, akanunua Chevelle aliyoitamani tangu ujana, akaja kugundua siku ya kuiuza kwamba amelipia jina. Kwake yeye karatasi iliyotafunwa na panya ndiyo kinga pekee. Wapo vilevile wanaosema magari haya yalikula mafuta na kuchafua hewa, hivyo tuyasahau. Nakubali kwamba yalichafua. Ndiyo maana Marekani ilikaza sheria yake ya hewa safi mwaka 1970, na kwa magari ya modeli ya 1971 General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake ili zitumie petroli yenye risasi kidogo. Ushahidi wa mgeuko huo umo ndani ya magari yenyewe, katika tofauti ya injini ya mwaka mmoja na ya mwaka unaofuata. Tukiacha magari yabadilishwe ovyo, tutapoteza pia kumbukumbu ya jinsi sheria ilivyokibadili kiwanda.

Jambo hili linatugusa hata sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1964 tawi la Mercury la kampuni ya Ford lilileta kikosi cha magari ya Comet kushindana katika East African Safari. Mengi hayakumaliza, ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young. Chukulia leo mtu anajitokeza na Comet kuukuu na kusema ni mojawapo ya zile za Safari. Rangi na namba ya mashindano ubavuni haviwezi kumthibitishia dai lake, kwa sababu hivyo hupakwa mchana mmoja. Kitakachomthibitishia ni namba ya chesisi kwenye karatasi za kikosi, alama za mahali bodi ilipoimarishwa, na picha za wakati ule zinazoonyesha namba ya usajili. Picha za namna hiyo zimo katika albamu za familia na makabati ya magazeti. Anayezitupa kwa sababu gari lenyewe halipo tena anatupa kitu ambacho gari likirudi litakihitaji kuliko spea.

Marekani nako kumeonyeshwa njia inayoweza kuigwa. Ipo rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria, na la kwanza kuingizwa, mwaka 2014, lilikuwa gari la mashindano, Shelby Cobra Daytona Coupe. Gari linabaki kwa mwenyewe, lakini vipimo, picha na historia yake huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Huo ndio mpangilio sahihi: chuma ni mali ya mtu, ukweli wake ni wa wote. Kwa hiyo ninachomwomba fundi ni kidogo. Kabla ya kufungua nati ya kwanza, piga picha. Kila unachobadilisha, kiandike, pamoja na ulikokitoa. Ukikuta namba imefutika, iache ilivyo, useme imefutika. Ukikuta injini si yake, sema si yake. Mnunuzi naye ana sehemu yake: akiona faili linalokiri kasoro asilitumie kumbana muuzaji tu, alipe kwa ukweli huo, kwani bila wanunuzi wanaouthamini ukweli hakuna fundi atakayeendelea kuuandika. LS6 iliyobadilishwa injini na kukiri hivyo inatufundisha mengi kuhusu mwaka 1970 na miaka iliyofuata. Ile iliyogongwa namba upya ikatimia kila kitu haitufundishi lolote, maana hatujui tuamini kipi kati ya yale inayoyasema. Nikitakiwa kuchagua, nitachagua ile ya kwanza, na naamini msikilizaji aliyenifuata hadi hapa anazo sababu za kuchagua hivyo hivyo.